Jina la Tatu la Hilaria

Hilaria aliolewa Balangdalalu akitokea Endagikot, na tangu siku aliyoingia kwenye lile boma hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake. Si kwa hasira, si kwa kununa. Lilikuwa halitamkwi, basi. Watoto walilitamka, majirani walilitamka, mwenyekiti wa kijiji alilipaza kila mkutano ulipoanza na mwenye jina hajafika. Wanawake walioolewa kwenye boma lile ndio hawakulitamka. Na mimi ninayesimulia, kwa kuwa habari hii ni ya Hilaria, sitamtangulia. Nitamwita Mzee, kama watu wengi walivyomwita.

Kwao Endagikot, kwa Wairaqw, mkwe anaheshimiwa sana, lakini si kwa namna hiyo. Hilaria Akonaay alikua akiita watu kwa majina yao na hakuna aliyemkemea. Kisha akaja Onesphory, kijana wa Kidatoga aliyepelekwa Mbulu kujifunza useremala kwa mapadri. Wakapendana, wakafunga ndoa kanisani mwaka 1984, na bibi arusi akahamia kwa watu ambao lugha yao hakuijua hata kwa kuomba maji. Wiki ya kwanza mama mkwe alimkalisha jikoni, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mwanangu, hapa kuna majina mawili wewe utayaacha. La baba na la kwangu. Mengine yote chukua."

Hilaria alidhani ni jambo la wiki chache, kama bibi arusi anavyotembea ameinamisha kichwa mpaka wamzoee. Kumbe ni la maisha. Wanawake wa Kidatoga wana njia zao za kulizunguka jina, na hata neno la kawaida likikaribiana nalo huwekwa kando, likatafutwa lingine la kushika nafasi yake. Hilaria alijifunza Kidatoga kikiwa tayari na mashimo hayo, akayaruka bila kujua kwamba ni mashimo. Ilipofika sensa ya mwaka 2002, karani alimuuliza jina la mkuu wa kaya. Hilaria akamwomba asubiri kidogo, akavuka barabara, akarudi na jirani. Jirani akataja, karani akaandika. Yule karani aliondoka akiamini amekutana na mwanamke asiyejua anaishi kwa nani. Kanisani haikuwa shida. Verediana, rafiki yake aliyewasimamia watoto wote ubatizo, alijua kabisa kwamba padri akiuliza babu ni nani, hiyo ni zamu yake.

Sasa mtu akiniuliza kama Hilaria aliogopa laana, nitamwambia hapana. Hofu ilikuwepo mwanzoni, kidogo, halafu ikaja kitu kingine. Alipojifungua Violeth, mtoto wa kwanza, alipatwa na homa ya uzazi. Ilikuwa masika, barabara imekatika, na Onesphory yuko mbali kwenye kazi ya kuezeka. Mzee alifunga maksai kwenye mkokoteni, akamlaza mkwewe juu ya nyasi pamoja na kichanga chake, akatangulia mbele kwenye matope akiwavuta wale maksai, viatu ameshika mkononi, mpaka hospitali ya misheni. Alimkabidhi kwa wauguzi, akageuka, akarudi na mkokoteni wake. Hakulizungumza tena hilo hata siku moja. Ukimshukuru anaanza kuuliza habari za ndama. Hilaria hakuwa na kitu cha kumpa mtu wa namna hiyo, ila kile kimya. Akampa, na akakitunza.

Miaka ikaenda. Violeth naye akakua, akaolewa na Severine, fundi wa matrekta kwenye mashamba makubwa ya ngano. Mashamba yalipoanza kubadilisha wenyewe, mafundi wengi wakaachwa, na Severine akafuata kazi Zambia kwa wakulima binafsi, mkewe nyuma yake. Huko Violeth akapata mimba, ikaharibika ikiwa kubwa, na aliyekuwa naye siku ile ni jirani ambaye hawakuelewana hata lugha. Habari ilifika Balangdalalu mambo yameshakwisha. Hilaria alilia akipalilia, akalia akikamua, na mwisho akaacha kulia kwa sababu kazi hazikuacha kuja.

Mwaka 2005, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, Raya alimtumia salamu aende Katesh. Raya alikuwa na duka la vitambaa, na simu yake ya mkononi ilikuwa posta ya nusu ya tarafa. Walikaa nyuma ya duka wakisubiri, na simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko mzima?"

"Mzima. Mama, nina mimba tena. Kliniki wanasema mwishoni mwa Novemba."

Hilaria akakaa juu ya robota la khanga bila kuomba ruhusa.

"Mama, unanisikia? Njoo. Severine atatuma nauli. Safari hii siwezi peke yangu. Nikikumbuka ile ya kwanza, silali. Njoo kabla ya siku, mama, usije baadaye kunipa pole."

"Nitakuja," Hilaria akasema. Simu ikakatika, akabaki ameishikilia sikioni mpaka Raya akaichukua taratibu.

"Zambia wanataka pasipoti, Mama Violeth," Raya akamwambia. "Na pasipoti haiji kwa siku moja. Anza leo."

Wakaanza. Onesphory, ambaye hupenda shughuli yoyote inayomtoa nyumbani, aliichukua safari ile ya makaratasi kama yake. Alizunguka kutafuta cheti cha ubatizo Mbulu, cheti cha ndoa parokiani, barua ya mtendaji wa kata, na kiapo cha kuzaliwa, maana Hilaria hakuwa na cheti chake. "Zamani hii ilikuwa ni kwenda Arusha na kulala huko," alisema kila alipopata msikilizaji. "Siku hizi tuna mkoa wetu. Babati hapo, unakwenda na kurudi." Mkoa wa Manyara ulikuwa na miaka michache tu, na Onesphory aliusifia utadhani ameuzaa yeye.

Wakafika kwa kijana wa taipu wa kuandaa hati ya kiapo, na huyo akaona jambo. Cheti cha ubatizo kilisema Hilaria Akonaay. Barua ya mtendaji ilisema Hilaria Onesphory. "Tuandike lipi?" akauliza.

"Ameolewa, bwana," Onesphory akajibu. "Weka jina langu, na la tatu weka la mzee wangu. Ndivyo pasipoti inavyotaka."

Pasipoti haikuwahi kutaka hivyo. Ila Onesphory alisema kwa sauti ya mtu anayejua, kijana wa taipu akapiga hati ya kubadili jina, wakili akagonga muhuri, na Hilaria akatia sahihi pale alipoonyeshwa. Hakuna aliyemuuliza yeye. Nami ningependa kusema kwamba alichukia, lakini nitakuwa naongopa. Alifurahi. Aliona kwamba sasa atambeba Mzee mpaka Zambia bila kumtaja, na hiyo kwake ilikuwa ni heshima juu ya heshima.

Na Mzee? Mzee alifurahi kuliko wote. Alikuwa mtu wa maneno machache na utani mkavu, lakini habari ile ilimfungua. Aliwaambia wenzake kilabuni kwamba jina lake linapanda treni kwenda nchi za watu, mwili utabaki hapa kulinda ng'ombe. Alimuuliza Hilaria kama huko Zambia kuna baridi, ili jina lake alifunge blanketi. Mama mkwe alisikiliza yote hayo akichunga chungu chake.

Siku ya kwenda Babati kuhojiwa, Hilaria alivaa gauni la kanisani. Afisa wa uhamiaji alikuwa kijana wa umri wa wadogo zake, si mwenyeji wa huku, mpole, aliyeamkia kwanza kabla ya kukaa. Alipitia karatasi moja moja, akaridhika. Kisha akamwambia Onesphory asubiri nje, kwa kuwa mwombaji hujibu mwenyewe.

"Sasa mama, ni maswali machache tu. Jina lako kamili?"

"Hilaria."

"Hilaria nani?"

"Hilaria Onesphory."

"La tatu?"

Hilaria akafungua mdomo. Hapo, nakwambia, ndipo alipokumbuka. Majuma yote yale ya kukimbizana na mihuri, yeye na Onesphory na Mzee mwenyewe, hakuna aliyewaza kwamba jina likishakuwa lako, kuna siku mtu atakuuliza unaitwa nani. Akafunga mdomo.

"Ni hilo lililoandikwa hapo," akasema.

"Naliona, mama. Nataka nilisikie kwako."

"Ni la baba mkwe wangu."

"Vizuri. Anaitwaje?"

"Sisi huwa hatumwiti."

Afisa akaweka kalamu chini. Akamtazama vizuri, halafu akatazama picha, halafu akamtazama tena. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana Hilaria aliona jinsi huruma inavyogeuka kuwa mashaka usoni pa mtu. "Mama, nisikilize. Huja hapa watu na karatasi safi kabisa, na karatasi si zao. Swali la jina ndilo rahisi kuliko yote. Asiyeweza kulijibu, mimi nitamwandikia nini mkubwa wangu?"

Hilaria akajaribu tena. Alijua jina lile kama anavyojua njia ya kisimani. Lilikuwepo, tayari, nyuma ya meno, na halikwenda mbele. Machozi yakaja badala yake, akayafuta upesi kwa kitambaa asionekane anaomba kuhurumiwa.

"Sikufukuzi," afisa akasema. "Nenda, tulia. Maombi ya awamu hii yanapelekwa Dar es Salaam Ijumaa ijayo. Ukirudi kabla ya hapo na ukanijibu, yatakwenda. Ikipita, ni mpaka mwezi wa kumi na mbili."

Mwezi wa kumi na mbili. Violeth atakuwa ameshajifungua, au ameshapatwa na lile alilokuwa analiogopa.

Onesphory alisubiri mpaka wametoka nje ya geti ndipo akalipuka. "Neno moja! Nimekwenda Mbulu, nimekwenda parokiani, nimemfuata mtendaji mpaka shambani kwake, na wewe umeshindwa neno moja? Mzee yuko Balangdalalu kule, angekusikiaje?"

"Mimi ningejisikia," Hilaria akasema.

Onesphory akatikisa kichwa. Tusimlaumu sana. Ni mume mwema, ila hajawahi kunyamaza juu ya jambo lolote maishani mwake, na mtu kama huyo utamweleza vipi uzito wa kunyamaza? Yeye majina yote ya dunia yalikuwa yake kuyatumia.

Nyumbani walimkuta Mzee ameshaweka kigoda nje, anasubiri habari za jina lake. Onesphory akamsimulia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema kwa Kidatoga, "Basi hilo tu? Nimemruhusu. Aseme."

Wote wakamtazama Hilaria.

"Na aseme hapa hapa, azoee," Mzee akaendelea. "Mimi nitakwenda nyuma ya zizi, asinione." Akainuka kweli, na fimbo yake, akaenda akasimama nyuma ya ukuta wa miti. Walikiona kilele cha kofia yake. "Haya!" akapiga kelele kutoka kule. "Nasubiri!"

Jambo lile lilikuwa la kuchekesha, na watoto wa jirani waliokuwa wakipita walicheka waziwazi. Hilaria alisimama katikati ya uwanja, akajaribu kwa ajili ya Violeth. Sauti ya kwanza ilianza kutoka. Papo hapo akaona miguu ya mtu mzima kwenye matope, na viatu mkononi, akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Akainama, akakimbilia jikoni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye moto. Hakugeuka kumtazama. Alinyanyuka polepole, kwa magoti yake yaliyochoka, akaenda mpaka mlangoni, na kwa mara ya kwanza Hilaria akamsikia akimpigia mumewe kelele.

"Wewe uliyeko kwa ng'ombe! Unaruhusu nini?"

"Naruhusu jina langu!"

"Si lako la kuruhusu. Kunyamaza ni kwetu sisi tuliokuja kuolewa hapa. Mimi nina la kwangu, la baba yako wewe, na tangu niletwe hapa nikiwa msichana sijalitia mdomoni, na amekufa, na hujawahi kunisikia. Wewe umenyamaza nini? Unajua linavyobebwa? Leo unasema aseme, aseme, kama unamwagiza chumvi!"

Kofia ilitulia nyuma ya zizi. Onesphory akaona kuna mlango wa banda unaohitaji kurekebishwa.

Mama mkwe akarudi kukaa. Sauti yake ilishuka. "Mtoto anahitaji mama yake," akasema. "Hilo halina mjadala. Ikibidi, utalisema, na mimi nitakuwa upande wako. Lakini niambie. Kabla hujaja hapa, ulikuwa huna jina?"

"Nilikuwa nalo."

"Lilikufa?"

Hilaria akasukuma ukuni motoni. Ilikuwa kweli kwamba jina lile hakulisikia siku hizi. Pale Balangdalalu alikuwa Mama Violeth. Kanisani alikuwa Mama Violeth. Hata Onesphory, akimtafuta sokoni, aliita Mama Violeth. Ni kaka zake tu, akienda Endagikot, waliomwita binti Akonaay, na baba mwenyewe alishakufa.

"Halijafa," akasema.

"Na kulitamka, nani amekukataza?"

Hilaria alilala na maneno hayo, akaamka nayo, akaenda nayo shambani kung'oa mabua. Alijua fika kwamba ikikosekana njia nyingine atalisema jina la Mzee, kwa Violeth angelisema hata mbele ya uso wake. Lakini alijua pia kwamba likishatoka kwa ajili ya afisa, kesho litatoka kwa ajili ya kliniki, keshokutwa kwa ajili ya benki, na mwisho litakuwa neno kama mengine, na kile alichokuwa akimpa Mzee miaka yote hii kitakuwa kimekwisha bila hata kuagana. Upande wa pili kulikuwa na Mzee na treni yake. Akilirudisha jina la Akonaay, ni kumwambia mzee yule aliyekwishajigamba kilabuni: shuka, baba, husafiri. Kwa vyovyote vile angemuumiza. Lililobaki ni kuchagua maumivu ambayo Mzee angeweza kuyaelewa.

Alimwambia Mzee mwenyewe, asubuhi, amepiga magoti mbali kidogo kama desturi. Mzee alikuwa akikagua kwato ya ng'ombe. "Kwa hiyo nabaki," akasema.

"Nisamehe, baba."

"Hakuna cha kusamehe. Ni karatasi tu." Akainua kwato nyingine, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Toka siku ile akawa anaongea na Hilaria kwa kupitia watu wengine, na kilabuni hakwenda.

Hilaria alirudi Babati siku moja kabla ya ile Ijumaa, safari hii na fomu mpya, na karatasi zile zile kasoro moja. Hati ya kubadili jina aliiacha nyumbani, juu ya kabati. Afisa akamtambua mara moja, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Karibu mama. Jina lako kamili?"

"Hilaria Akonaay Hhando."

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka mtu aliyekuwa meza ya pili akainua kichwa. Alikuwa hajajua kwamba amelikosa. Baba yake, na babu yake ambaye alimkumbuka kwa harufu ya ugoro tu, walikaa pale mezani naye, na alijisikia mwepesi kama msichana aliyetumwa dukani. Akauma mdomo asicheke, kisha akacheka.

Afisa naye akatabasamu. "Huyu ni yule yule wa juzi? Na ndoa je?"

"Ndoa ipo. Cheti hicho hapo."

"Nani alikuambia ukiolewa lazima ubadilishe jina?"

Hilaria akafikiri. Alitaka kusema Onesphory, lakini mume ni mume. "Hakuna aliyeniambia," akasema. "Tulidhani."

"Si lazima, mama. Anayetaka hubadilisha, asiyetaka anabaki na lake." Akamuuliza kijiji alichozaliwa, jina la mlima unaouona ukisimama Balangdalalu, shule aliyosoma. Alijibu yote kabla swali halijaisha. Maombi yakaenda na Ijumaa.

Pasipoti ikarudi Novemba ikiwa changa. Onesphory alitaka kuifuata yeye, Hilaria akakataa, akaenda mwenyewe. Aliipokea, akatia sahihi, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi akiipekua ukurasa kwa ukurasa. Mwishoni kabisa akakuta mahali pa kujaza kwa mkono. Akasoma, akasoma tena. Akarudi ndani kuomba kalamu.

Siku ya safari watu walijaa bomani asubuhi. Raya alileta kitenge cha mtoto kutoka Katesh. Mama mkwe alifunga samli kwenye kibuyu, akakizungushia nguo mara nyingi, na maagizo mengi kuliko nguo. Mzee alikuwa zizini. Hilaria akamwendea, pasipoti mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu moja kwa moja tangu lile jambo. Akampa kitabu kwa mikono miwili. Mzee akafuta viganja kwenye shuka, akakipokea, akakifungua kwenye picha.

"Umekasirika hapa."

"Waliniambia nisicheke."

"Na maandishi haya ni Akonaay."

"Ndiyo, baba."

"Mtu mzuri," Mzee akasema. "Siku ya kuleta ng'ombe wa mahari tulikunywa naye. Aende, aone nchi." Akakifunga kitabu, akamrudishia. Mkono wake haukuwa na hasira, ila haukuwa na furaha.

Hilaria hakukipokea. Alikifungua kikiwa bado mikononi mwa Mzee, ukurasa wa mwisho, ule wenye mwandiko wa kalamu.

"Hapa wanauliza jambo, baba. Mwenye kitabu akipotea nchi za watu, akiugua, au akifia njiani, aambiwe nani? Nani aje kumchukua?"

Mzee akatazama ile mistari. "Umemwandika Onesphory."

"Hapana, baba."

"Mama yake?"

"Hapana."

"Basi nani?" Akamsogezea kitabu. "Soma."

Hilaria akatazama chini. Kule jikoni mama mkwe aliyekuwa akifunga kibuyu aliacha kufunga. Onesphory akafungua mdomo ili asome yeye, na Raya, Mungu ambariki, akamkanyaga mguu. Mzee alimtazama mkwewe aliyeinama kimya, akatazama karatasi, akamtazama tena, na nikikwambia kwamba macho yake yalilowa, amini tu, kwa sababu yeye mwenyewe alisema ni moshi na moshi haukuwepo.

Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Aliweka kidole gumba kwenye ule mwandiko, akakisogeza polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kwa sauti ambayo kila mtu bomani aliisikia, akamsomea Hilaria.

"Gi-da-bu-yo-ka."

Lilikuwa neno la kwanza kulisoma maishani mwake, na hakukosea.